Bibi Tome Hajapiga Simu

Desemba 2

Theluji ya leo imelala chini na imekataa kuyeyuka. Basi majira ya baridi yameanza, na mimi naanza kuandika.

Karibuni bendera za njano hazitaonekana tena. Hapa bondeni kila mzee anayeishi peke yake hutundika bendera mlangoni akiamka na kuitoa jioni, ili jirani akipita ajue mwenye nyumba yu hai. Lakini theluji ikishapita kimo cha ua, nani ataiona bendera? Ndiyo maana mwanangu Ayano ametuandikia programu ya kompyuta. Narudia: mwanangu. Nilimlea peke yangu kwa mshahara wa kiwanda cha kukaushia uyoga, mimi niliyeishia darasa la tisa. Leo anafanya kazi mjini, kwenye jengo lenye lifti, na wanaume wenye tai wanamsubiri amalize kusema.

Programu iko kwenye kompyuta ya ukumbi wa kijiji, ninakofanya kazi kila asubuhi. Wazee wanapiga simu, kila mmoja anasema "Nipo," nami naweka alama kwenye jina lake. Ikitimia saa mbili, kwa yeyote asiye na alama dirisha dogo linaruka lenyewe katikati ya skrini: "Fulani hajapiga simu." Chini yake kuna kitufe cha "Sawa." Ukibonyeza, maana yake umeona, na mtu anatumwa kwenda kumwangalia. Hata Bwana Katagiri, mkuu wa ukumbi, ameielewa, naye ni mtu wa kuuomba mlango radhi kabla ya kuufungua.

Desemba 5

Mzee Shigezō amepiga.

"Nipo, Mama Majigambo."

"Jina langu unalijua, mzee."

"Nalijua, ila hili linakukaa vizuri. Hicho kisanduku cha binti yako kimeshaharibika au bado?"

"Hakiharibiki. Hakihitaji hata kuguswa."

"Subiri Januari," akasema, akakata. Mtu gani huyu! Mdomo wake umechacha kuliko chombo anachochachishia figili zake.

Bibi Tome, jirani yake wa mbele, ni mtu mwingine kabisa. Hupiga saa mbili kasoro dakika kumi, hakosei. "Nipo, nimeshiba, na supu yangu leo imeshinda yako."

Desemba 6

Theluji.

Desemba 11

Leo nimekasirika na kompyuta, nikakumbuka aliyeiandikia programu, nikaacha kukasirika.

Nilikuwa naandika oda za visanduku vya chakula cha mchana, huku macho yako kwenye karatasi. Saa mbili ikafika, dirisha likaruka mbele bila hodi, na herufi nilizokuwa naandika zikaishia humo. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha upande wa kulia ili nishuke mstari. Nilipoinua macho, dirisha lilikuwa linapotea. Nililiona mkia tu. Bahati nzuri nilikuwa najua ni nani: Bibi Tome alilala kupita kiasi, akapiga baada ya muda akicheka.

Nikampigia Ayano.

"Mama," akaniambia, "kwenye kompyuta ni dirisha moja tu linalosikiliza vidole vyako. Likitokea jipya, hilo ndilo linalosikiliza. Wewe ulidhani unaandika oda ya chakula, kumbe unalijibu dirisha. Kile kitufe kikubwa kikabonyeza 'Sawa' kwa niaba yako."

"Kumbe halina adabu."

"Halina. Niache nilirekebishe. Litokee mbele, lakini lisikunyang'anye vidole, na lisikubali kufungwa mpaka ulifuate wewe mwenyewe na kipanya. Nitakuja Jumamosi."

Nami nilishamwambia Shigezō kwamba kisanduku hakihitaji kuguswa. Ningemtazamaje mzee huyo usoni, Ayano akija kukifungua wiki ya pili tu? Angelisema mpaka masika.

"Acha, mwanangu. Nitazoea. Usipoteze nauli."

"Mama, ni kazi ya saa moja."

"Nimesema acha."

Akaacha. Nilimlea asibishane na wakubwa.

Desemba 24

Theluji imefika dirishani. Nimetoka nyumbani kwa kupitia ngazi niliyoichonga humohumo kwenye theluji.

Januari 1

Ayano amekuja. Tumekula keki za wali kwenye supu, vipande vidogovidogo, kwani kila mwaka kuna mzee anayepaliwa. Bibi Tome alileta figili, akamshika Ayano mashavu kama mtoto. "Wewe ndiye unayeniuliza kila asubuhi kama nimekufa?" Tukacheka wote.

Januari 12

Saa mbili kasoro dakika kumi simu haikulia.

Niliinua mkono wa simu nisikie kama laini ipo. Ilikuwepo. Nikaweka chini haraka, nisije nikamzibia njia. Nikaosha vikombe. Nikavikausha. Vilikuwa visafi tangu jana.

Saa mbili dirisha likatokea. *Bibi Tome hajapiga simu.* Sikubonyeza kitu. Nilimwita tu Bwana Katagiri, sauti ikatoka si yangu. Alikimbia bila kofia na bila kumwomba mtu yeyote radhi. Nilimfuata nikizama mpaka mapajani.

Alikuwa amekaa kwenye meza yake ya kuotea moto, mfarishi magotini, kidevu kifuani. Mbele yake chungwa dogo lililomenywa, kipande kimoja kimeliwa. Taa inawaka, moto chini ya meza unawaka, miguu yake ya joto na uso wake wa baridi. Daktari amesema ni usiku, moyo, hakuhangaika.

Mzee Shigezō alikuja akasimama sebuleni na koleo lake la theluji mkononi. Hakuvua viatu.

Bonde la pili, mwaka juzi, mzee alikaa wiki nzima hajulikani. Bibi Tome hakukaa hata asubuhi moja, na ni kwa sababu ya Ayano. Nilisema hivyo kwenye mkesha, sioni haya, kwa kuwa ni kweli. Nikasema tena. Mara ya tatu Mzee Shigezō akanigeukia.

"Mama Ayano," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Kwa leo, nyamaza."

Januari 13

Saa mbili: *Bibi Tome hajapiga simu.*

Kumbe hakuna aliyelitoa jina lake. Nikamwendea Bwana Katagiri.

"Tumfute?"

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Kabla ya siku ya arobaini na tisa? Bado yuko paani kwake, Mama Ayano. Mtu bado yuko paani kwake, sisi tumfute?"

Kwetu ni hivyo. Marehemu hukaa kwenye kipaa cha nyumba yake mpaka siku hiyo ndipo aende. Hakuna hapa bondeni ambaye angelibonyeza hilo jina. Tumekubaliana abaki mpaka Machi mosi.

Januari 14

*Bibi Tome hajapiga simu.* Niliinama mbele ya skrini, kisha nikabonyeza.

Januari 15

Vilevile.

Januari 19

Mzee Shigezō amehamia saa ya Bibi Tome. Sasa anapiga saa mbili kasoro dakika kumi.

"Nipo."

"Haya."

"Na yule mwenzangu? Amepiga?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mwenzako nani?"

"Tome."

"Mzee, huo si utani."

"Nimekuuliza amepiga au hajapiga?"

"Hajapiga!"

"Mvivu huyo," akasema, akakata.

Kumfanyia mzaha mtu aliye bado paani! Nimemwambia Bwana Katagiri, naye akatazama nje tu.

Januari 26

Kila siku anauliza. Kila siku nasema hajapiga. Kila siku saa mbili kompyuta inasema maneno yaleyale, kana kwamba ilikuwa inatusikiliza kwenye simu.

Januari 30

Sasa namsalimia. "Habari za asubuhi, Bibi Tome." Ukumbi mtupu, hita inavuma, na dirisha lile linatokea polepole kuliko zamani. Ayano anasema kwa simu ni kompyuta tu, ni ya zamani. Yeye hakai nayo peke yake.

Jana wakati najifunga kitambaa cha kichwa mbele ya kioo nilijikuta nasema "Hajapiga," na hakuna aliyeniuliza.

Februari 6

Theluji, theluji. Paani imefika kimo cha mtu. Vijana wanne waliobaki kijijini hawatoshi kuiteremsha kwenye mapaa yote.

Februari 10

Sisomi tena. Mkono unajua. Saa mbili inapofika, kompyuta ikilia tu kidole kimeshafika, dirisha halijamaliza hata kuchorwa, nami naendelea na oda zangu. Nimemwonyesha Bwana Katagiri jinsi nilivyo mwepesi. Nilikuwa mpanga uyoga hodari kuliko wote kiwandani, vidole hivi havijasahau. "Ajabu," akasema, akainama.

Februari 14

Habari kubwa! Ofisi ya mji inatuma watu wawili waje waone programu ya Ayano. Ikiwapendeza itawekwa kwenye mabonde yote matano, na jina lake litaandikwa. Nimempigia. Amesema, "Mama, usiwaambie mengi." Nitawaambia kila kitu.

Februari 17

Lazima niandike kama ilivyokuwa.

Usiku kucha ilinyesha mvua juu ya theluji. Asubuhi kulikuwa na joto la ajabu, na kila upande unasikia mapaa yakiguna. Wageni walifika mapema, mwanamume na mwanamke, wasafi, viatu vyao vinalia maji. Niliwapa chai na figili. Huku napokea simu, huku nawaeleza, Ayano hivi, Ayano vile, alivyotembea kwenda shule na homa. Simu zilipishana. Naweka alama, naeleza. Sikukumbuka kwamba hakuna aliyeniuliza habari za mwenzake.

Saa mbili ikafika.

"Tazameni sasa," nikawaambia, nikiwa nimewageukia wao, mgongo wangu kwenye skrini na mkono wangu nyuma yangu kwenye kibodi. Ndiyo, nyuma yangu. Nilitaka wacheke. "Linatokea lenyewe. Huyu ni marehemu wetu, msiogope, bado yuko paani. Namfunga hivi, hata simtazami!"

Nikabonyeza. Likalia tena, nikabonyeza. Wakacheka, wakapiga makofi.

Waliondoka. Visanduku vya chakula vikaletwa. Nilikuwa nasuuza vikombe vya wageni, nimeshika kimoja kwa kila mkono, nikiwa nimefurahi kuliko siku zote za msimu huu. Na kidole changu kikakumbuka kabla yangu.

Mara mbili.

Bibi Tome ni mmoja. Kwa nini nilibonyeza mara mbili?

Sikumbuki vikombe viliangukia wapi. Nilirudi kwenye kompyuta, nikashuka kwenye orodha. Wote wana alama. Bibi Tome hana. Mzee Shigezō hana.

Theluji ya paa lake ilikuwa imeporomoka yote kwa pamoja, imeziba mlango na njia. Nyumba imekaa uchi, vigae vinang'aa kwa mvua. Nikaita. Bwana Katagiri akaita. Kimya, maji tu yanadondoka. Kisha chini ya upenu, pale pembeni karibu na kuni, nikaona mkono wenye glavu umeshika mpini wa koleo, kichwa kimefichwa na kuni.

Tulichimba kwa mikono, kwa ubao, kwa sufuria. Bwana Katagiri alikuwa analia kwa sauti huku anachimba. Mzee alikuwa amefukiwa mpaka kifuani, uso wa rangi ya nta, macho wazi. Midomo ilikuwa inatikisika. Nikasogeza sikio.

"Mwambieni anyamaze," akasema.

"Nani, mzee?"

"Tome. Tangu asubuhi yuko pale juu ananipigia kelele nisilale."

Nikatazama ng'ambo ya njia. Paa la Bibi Tome tu ndilo lililobaki na theluji yake yote, nyeupe, halijadondosha hata tonge.

Bwana Katagiri alimbeba mgongoni mpaka barabarani, kwa kuwa gari la hospitali halikuweza kupanda. Mtu niliyemdhani hawezi kubeba hata neno.

Februari 18

Yu hai. Mguu umevunjika pawili, na vidole viwili vya mguu huenda vikakatwa.

Ofisi ya mji imeuliza kwa nini mtu alikaa nje nusu siku. Bwana Katagiri ameandika ripoti. Amenisomea: "Programu haikuonyesha dirisha la Mzee Shigezō." Chini yake jina la mtengenezaji. Jina la mwanangu.

"Ndivyo ilivyokuwa?" akaniuliza. "Ulikuwa pale. Halikutokea?"

Nilisema kichwa kinaniuma.

Ayano alifika na basi la jioni. Hajavua koti. Amekaa mbele ya kompyuta ya ukumbi, na supu niliyompelekea imeganda mafuta juu.

"Nimeipitia yote, Mama. Lilitakiwa kutokea. Sioni kwa nini halikutokea." Kisha akasema kwa sauti ya alipokuwa na miaka saba, "Nimekaribia kumuua mtu, na sijui hata nimekosea wapi."

Nikamwambia ale.

Februari 19

Niliamka nikaenda ukumbini, nikamkuta bado yuko pale. Saa mbili ikatimia tukiwa wote wawili.

*Bibi Tome hajapiga simu.*

Hakubonyeza. Alilitazama tu, na mimi nikalitazama, na likabaki pale katikati kama mtu aliyekuja mlangoni na haondoki mpaka ajibiwe. Tangu Januari sikuwa nimelisoma vizuri.

"Lilitokea," nikasema.

"Nini?"

"Dirisha la mzee. Lilitokea juzi, likanisubiri. Nilikuwa nimelipa mgongo nawasimulia wageni habari zako. Nilidhani ni Tome amejirudia. Niliyafunga yote mawili. Mkono wangu huu hapa."

Alinigeukia. Nilitamani anipigie kelele.

"Umesema nini kwa Bwana Katagiri?"

"Kwamba kichwa kinaniuma."

Ayano akafunika uso. Mabega yakaanza kutikisika, nami nilikuwa sijui nimshike au nisimshike. "Desemba nilikwambia," akasema ndani ya viganja. "Kazi ya saa moja. Ukasema acha. Na mimi nikaacha! Dirisha linaloweza kufungwa na mtu asiyelitazama ni dirisha baya, nilijua, nikaacha kwa sababu Mama amesema."

"Ni kosa langu."

"Ni letu, Mama. Usilichukue lote. Hata hili unataka liwe lako peke yako?"

Basi hapo ndipo nilipolia.

Nilikwenda kwa Bwana Katagiri na kandambili za ukumbini miguuni, nikapiga magoti sakafuni, nikamwambia kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua ripoti yake, akaichana vipande vinne, akavipanga vizuri juu ya meza.

"Mimi ndiye niliyekataa tumfute," akasema. "Nilikufundisha kufunga dirisha la mtu asiyekuwepo. Inuka, Mama Ayano. Twende mjini wote watatu."

Februari 22

Tulikwenda. Tuliinama. Mabonde yale mengine hayataichukua programu, angalau mwaka huu. Ya kwetu imeachwa, kwa sharti irekebishwe. Kwenye basi la kurudi sikumwambia abiria yeyote mwanangu anafanya kazi gani.

Februari 25

Ayano alimaliza juzi usiku. Dirisha sasa linasimama mbele ya mengine yote na halipishi, lakini halinyakui vidole vyangu. Naweza kuandika oda za kijiji kizima, lenyewe linangoja. Halina "Sawa" tena. Linauliza, "Nani amekwenda kumwangalia?" na mpaka uandike jina la mtu, haliendi popote. Na madirisha yanakuja moja moja.

Kila asubuhi nimeandika jina langu, kisha nikavaa viatu vya theluji nikaenda kweli mpaka nyumbani kwa Bibi Tome, nikasimama chini ya lile paa. Kompyuta imeuliza. Sitaidanganya tena.

Machi 1

Siku ya arobaini na tisa. Kasisi wa hekalu amesoma, tumechoma ubani, mifupa yake iliyotunzwa tangu achomwe moto imewekwa kaburini baada ya vijana kuchimba theluji kulitafuta jiwe. Tulipokuwa tunakula tukasikia mshindo. Tulitoka wote. Theluji ya paa la Bibi Tome ilikuwa imeshuka yote.

Alasiri Ayano akakaa kwenye kompyuta, Bwana Katagiri na mimi nyuma yake. Nilifumba macho.

"Tayari," akasema.

"Umemfuta?"

"Sijamfuta, Mama. Nimemfanya asionekane tu. Yuko humo, na simu zake zote alizowahi kupiga. Ila dirisha halitamwita."

Bwana Katagiri akaiinamia skrini. Safari hii sikumcheka.

Machi 2

Maji yanatiririka chini ya theluji, unayasikia bila kuyaona.

Saa mbili kasoro dakika kumi simu ikalia. Niliitazama ikilia. Nikainua.

"Nipo."

"Mzee, uko hospitali. Huna haja ya kupiga."

"Nani amekuuliza haja? Weka alama."

Nikaweka. Nilitaka kumwomba radhi tena, kama nilivyomwomba kitandani kwake, akanikatiza alivyonikatiza siku ile, kwa kukohoa. Hakukata simu. Nilimsikia anapumua, na sauti za sahani za wodini.

"Na mwenzangu?" akasema. "Amepiga?"

Nikageuka nikaitazama skrini, jina kwa jina, polepole, mpaka chini.

"Haonekani, mzee."

"Lakini yupo?"

"Yupo."

"Mvivu huyo," akasema.

Nilibaki nimeshika simu sikioni. Saa mbili ikatimia, na katikati ya skrini hapakutokea kitu.